Mtu wa Chini Anatunzwa Lini?

Barua za mwezi huu nilisomewa na binti yangu, mimi nimejinyoosha mkekani nje ya mlango hapa Magomeni, mguu umevimba. Nne zinagusa jambo moja, ya tano inanisahihisha. Nitazijibu zote, ila ya kwanza nitaikalia kitako. Kwa wasomaji wapya: nilipanda jukwaani na kikundi cha utamaduni mwaka 1978 nikiwa na miaka 18, nikashuka 1996. Nilicheza ngoma, nikacheza sarakasi, na magoti yalipokataa nikawa mtangazaji wa maonyesho katika kikundi hicho hicho.

SWALI: Shikamoo Bibi. Naishi Mbagala Kizuiani na babu yangu mzaa mama, ana miaka 73. Ujana wake wote alicheza sarakasi kwenye kikundi cha utamaduni hapa Dar es Salaam, na baadaye akawa anaingia katikati ya onyesho kuchekesha watu. Juzi nilisoma kwamba ziko nchi zinazotoa tuzo ya taifa kwa watu wa maonyesho mchanganyiko waliolitumikia jukwaa maisha yao yote: wachekeshaji, wanasarakasi, watu wa mazingaombwe. Nilipomsimulia alicheka, akasema, "Nani atanikumbuka? Mimi nilikuwa mtu wa chini." Bibi, hapa kwetu nimpeleke wapi? Na huyo mtu wa chini ni nani?
Mjukuu, Mbagala

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililonifanya nimwambie binti yangu asite kwanza asiendelee kusoma.

Mtu wa chini ndiye anayebeba piramidi. Anasimama miguu imeachana, magoti ameyalegeza kidogo, kiuno amekikaza kwa kitambaa kirefu kama mzazi aliyefungwa mkaja. Halafu watu wanampanda. Wawili wanasimama mapajani mwake na kulalia nje huku na huku, wawili wanapanda mabegani, juu ya hao anasimama msichana mmoja, na juu ya huyo msichana nilipanda mimi. Nilikuwa mwepesi kuliko wote, kilo 41. Nikishafika juu nanyoosha mikono, natabasamu, ukumbi mzima unapiga makofi.

Makofi yale yalinijia mimi. Lakini hali ya mtu wa chini niliijua kwa nyayo zangu. Mtetemeko wake ulipanda kwa wale wa mabegani, ukapita kwa msichana niliyemkanyaga, ukanifikia. Ukiwa wa polepole, bado tuna muda. Ukianza kwenda mbio, nahesabu mpaka tatu nashuka, hata kama watu bado wanashangilia. Jasho lilikuwa likimwingia machoni na hawezi kulifuta, mikono yote miwili imeshika miguu ya wenzake. Kabla ya kuingia alijipaka viganjani poda ya watoto ili asiteleze. Mpaka leo nikipakata kichanga kilichotoka kuogeshwa, harufu ile inanirudisha nyuma ya pazia. Miaka 9 nilipanda juu ya mtu huyo mmoja, na hakuniangusha hata siku moja.

Mtu wa namna hiyo ndiye babu yako. Mwambie wa juu anamsalimia.

Sasa, kwa nini anaona hakuna wa kumkumbuka? Miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90, Jumapili kwenye kumbi za Vijana Kinondoni, Amana Ilala au DDC Magomeni Kondoa ilikuwa kama shughuli ya ukoo mzima. Ukishalipa kiingilio umelipia kila kitu, na unakaa muda wa saa 5 au 6: sindimba, lizombe, bugobogobo na majembe yake, chatu shingoni mwa mchezaji, sarakasi, kichekesho, igizo, mwisho taarab. Kikundi cha Muungano walikuwa wakijaza ukumbi, na TOT, yaani Tanzania One Theatre, walipoanza mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba, mji uligawanyika kama siku ya Simba na Yanga. Ikifika taarab watu wananyanyuka na noti zao, wanakuja wakicheza taratibu, wanamtunza mwimbaji, huyu anarudi kukaa na yule anainuka. Wengine husema kumtuza. Neno tuzo limetoka hapo hapo. Sisi Waswahili tulikuwa na tuzo kabla ya vikombe vya kioo, na ilitolewa mkononi, msanii akiwa bado anaimba. Lakini mtu aliyebeba watu sita utamtunza wapi? Hana mkono wa kupokelea. Akimaliza kuwashusha, ngoma imeshabadilika na mchekeshaji ameshaingia.

Na lipo jambo la pili, zito kuliko hilo. Sauti zilihifadhiwa, miili haikuhifadhiwa. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na mpaka leo tunamsikia. Bendi za dansi na vikundi vya taarab viliingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki. Sarakasi haisikiki redioni. Televisheni huku Bara ilikuja mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70. Kwa hiyo ile miaka ambayo mgongo wa babu yako ulikuwa imara ilipita mbele ya macho ya umati kila Jumapili, na kumbukumbu yake imebaki vichwani mwa watu ambao nao wanaondoka mmoja mmoja.

Wala tusiseme taifa hili halikuijali kazi yake. Liliijali sana. Miaka ya mwanzo ya uhuru kiliundwa kikundi cha taifa cha ngoma, kisha vijana wakapelekwa China kusomea sarakasi, na waliporudi mwaka 1969 sarakasi nayo ikapata kikundi chake cha taifa. Hao ndio waliowafundisha waliotufundisha sisi. Vikundi vya taifa vilipovunjwa kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, na ufundi ukasambaa kwenye vikundi vya mashirika ya umma na vya watu binafsi hapa mjini. Namna babu yako alivyojifunza kupokea uzito wa mtu begani bila kukaza shingo, nchi hii iliigharamia.

Sasa pa kwenda. Tuzo zetu za sanaa zinazojulikana zaidi ni za muziki, zilizoanza mwaka 1999, na za filamu. Babu yako hakuimba wala hakucheza filamu, kwa hiyo jina lake likienda huko halina kundi la kuingia. Ndiyo maana nasema wazi kwamba tunahitaji tuzo ya taifa ya watu wa jukwaa, yenye nafasi ya sarakasi, ngoma, kichekesho na mazingaombwe, itolewe kila mwaka, na itolewe kwa mtu aliye hai. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984 lisimamie sanaa kwa upana wake, si muziki peke yake. Anza na afisa utamaduni wa Manispaa ya Temeke, maana Mbagala ni eneo lake. Mwachie nakala, hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa. Kisha nenda ofisi za BASATA. Zipo pia nishani za taifa zinazotolewa na Rais. Huko kote kanuni ni moja: jina lisilopelekwa kwa maandishi halifiki mezani.

Na hayo maandishi ndiyo kazi yako wewe. Nunua daftari la kaunta, kaa na babu asubuhi akiwa hajachoka. Usimuulize "ulifanya nini maishani," atakujibu "mambo mengi" na mazungumzo yataishia hapo. Muulize jukwaa. Nani alisimama paja lako la kushoto? Nguo zenu zilikuwa rangi gani, na nani alizishona? Mlipokwenda mikoani mlipanda lori au treni, mlilala wapi? Siku umeme ulipokatika na watu wako juu yako, mlifanyaje? Ukimuuliza hivyo atakupa majina, na majina ndiyo yatakupeleka kwa mashahidi. Unahitaji angalau wawili waliocheza naye, waandike kwa mkono wao na kuweka saini.

Usitegemee sana karatasi za ajira. Wengi wetu tuliajiriwa na mashirika kwa vyeo vingine. Mimi kwenye kitambulisho changu cha kazi niliandikwa mhudumu wa ofisi miaka yote ile, na sikuwahi kumhudumia mtu hata chai. Tafuta picha. Nenda Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, omba magazeti ya zamani ya Uhuru na Daily News. Peleka tarehe ulizozipata kwa babu, hasa sikukuu za taifa na ziara za marais wa nje, kwa sababu vikundi vilialikwa siku hizo. Idara ya Habari MAELEZO nayo ina hazina ya picha za shughuli za serikali. Ukiona piramidi kwenye picha, usitazame juu. Tazama wa chini.

SWALI: Bibi, habari za Magomeni? Hizo nchi zinazowaenzi watu wa jukwaa, zinatoa nini hasa? Kikombe na picha ya pamoja, au kuna kingine?
Mama Mapacha, Buguruni

JIBU: Nzuri mwanangu, wasalimie mapacha. Kila nchi na utaratibu wake, na mimi nina ninaoupenda zaidi.

Japani wana sheria ya tangu mwaka 1950 inayowalinda watu wenye ufundi wa jadi. Wakubwa wao huitwa hazina za taifa zilizo hai. Serikali humpa kila mmoja yen milioni 2 kwa mwaka, azitumie kuendeleza ufundi wake na kuwafundisha wengine. Mwaka 1995 heshima hiyo ilimfikia Yanagiya Kosan, mchekeshaji wa rakugo. Katika rakugo mtu mmoja anakaa kwenye mto, ana upepeo wa kukunja na kitambaa kidogo tu, na kwa hivyo viwili anakuletea mume, mke, jirani na mwenye nyumba, kila mmoja na sauti yake. Bibi zetu walifanya hivyo kwa ngano, bila mto. Nilipojua kwamba kuna nchi imemwita mchekeshaji hazina ya taifa, nilikumbuka Mzee Small tuliyemzika mwaka 2014 na King Majuto aliyefariki Muhimbili Agosti 2018 akazikwa kwao Tanga, na moyo uliniuma. Wale wawili waliwachekesha Watanzania wa rika zote, wakiwa jukwaani tangu kabla hakujakuwa na kamera ya video mtaani.

Korea Kusini wana sheria ya namna hiyo tangu 1962. Singapore wana nishani ya utamaduni tangu 1979, na aliyeipata anaweza kuomba fedha hadi dola 80,000 za kwao kwa ajili ya kazi zake za sanaa. Marekani wana tuzo ya ucheshi yenye jina la Mark Twain; wa kwanza, mwaka 1998, alikuwa Richard Pryor, naye wakati huo alikuwa ameshaumwa miaka mingi. Alipewa akiona na kusikia.

Ninaoupenda ni wa Uingereza, na siyo kwa sababu ya mfalme. Mwaka 1912 Mfalme George wa Tano na Malkia Mary walikwenda Palace Theatre, London, kutazama onyesho la wasanii mchanganyiko, waimbaji, wachekeshaji na watu wa mazingaombwe, na onyesho hilo likawa mila. Usiku ule wa kwanza Marie Lloyd, mwanamke aliyependwa na watu wa kawaida kuliko karibu wote, hakualikwa. Nyimbo zake zilionekana zina mafumbo ya mtaani. Wapenzi wa mipasho mtanielewa: mwimbaji ambaye ukumbi mzima unamjua, waheshimiwa wanaogopa kumweka mbele ya wageni. Ndiyo maana nasema tuzo yetu ikianza, kamati yake iwe na watu waliowahi kulowa jasho jukwaani.

Lakini maonyesho yale yanachangia mfuko wa kuwatunza wasanii, na mfuko huo una nyumba. Inaitwa Brinsworth House, iko Twickenham, imefunguliwa tangu 1911. Msanii wa jukwaa akizeeka akakosa pa kwenda, anapokelewa, anatibiwa, anakaa na wenzake. Fikiria jioni moja katika nyumba kama hiyo hapa kwetu, hata iwe na vyumba kumi tu, Kigamboni au Bagamoyo. Mpiga ngoma wa zamani anagonga kidole mezani, mcheza lizombe anatikisa bega kitini. Mimi ningekwenda kupika huko bila mshahara.

SWALI: Mama, mimi ni fundi magari, nasema wazi. Tuzo kwa mzee mwenye njaa ni kofia juu ya tumbo tupu. Wazee wanataka dawa na kodi ya nyumba. Vikombe waachieni vijana.
Fundi, Tandika

JIBU: Kaka yangu, nusu ya maneno yako ni yangu. Nikupe kisa, halafu nikwambie nusu nyingine.

Yule mtu wangu wa chini aliumia mgongo mazoezini mwaka 1989. Ofisi iliyotuajiri ilimpa siku 14 za mapumziko. Kwenye karatasi alikuwa mlinzi wa ghala, hivyo kuumia kwenye sarakasi hakukuhesabiwa kuwa ajali ya kazini. Alirudi jukwaani mapema kuliko alivyotakiwa, kwa sababu onyesho lilikuwa limeshatangazwa. Miaka ya mwisho aliishi chumba kimoja cha kupanga Vingunguti, akitembea kwa kushika ukuta. Nilimtembelea mwaka 2009, miezi miwili kabla hajafariki. Majina yetu yalikuwa yamemtoka kabisa. Mkewe akamwambia, "Mgeni wako huyu." Akaniinamia, akanishika kifundo cha mguu kama zamani, akafumba macho. Akasema, "Wewe wa juu. Kilo 41." Kisha akawataja wengine wote watano, mmoja baada ya mwingine, kwa uzito tu, na kila uzito ulikuwa ule ule wa enzi zetu. Sikupata la kusema. Mkewe akatuletea uji.

Siku ya maziko zilisomwa salamu tatu za rambirambi. Zote zilimwita nguzo ya sanaa. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo akiwa hai, hata mimi niliyesimama juu yake miaka 9.

Ndiyo, alihitaji dawa na kodi. Lakini siku ile aliponishika mguu niliona kitu kingine alichokihitaji pia: mtu wa kumthibitishia kwamba ile kazi ilitokea kweli. Ndiyo maana kwetu neno ni moja kwa yote mawili. Kumtunza mwimbaji ni kumpa noti mbele ya watu. Kumtunza mzee ni kumpa chakula, dawa na mahali pa kulala. Sitaki tuchague. Ninayoidai ni tuzo inayokuja na kadi ya bima ya afya ya mzee na mwenzi wake, na posho ya kila mwezi hata iwe ndogo, na jina lake kusomwa kwa sauti ndani ya ukumbi wenye watu. Akiweza kufundisha, apelekewe vijana. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, akaifuata Uingereza akiwa bibi wa miaka mingi sana. Tulijivunia wote. Lakini nilitamani meza ya kwanza ya heshima kwa mtu kama yule iandaliwe hapa nyumbani.

Wewe ni fundi, unajua hili: gari likishakufa kabisa, hata ukilipaka rangi mpya halitembei. Tusingoje.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi na wenzangu watano tunafanya sarakasi, mazoezi yetu ni Coco Beach jioni. Sisi tuna simu, tunajirekodi kila siku. Tukizeeka tutakuwa na ushahidi wa kutosha, au siyo?
Kijana wa Kigogo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mna bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Mliona Ramadhani Brothers, vijana wa Kitanzania, walivyoshinda shindano la vipaji la televisheni ya Marekani Februari 2024 kwa kusimamishana kichwa juu ya kichwa. Dunia nzima iliona, na wale wawili majina yao yanajulikana, wa juu na wa chini.

Ila video isiyo na majina ni kama picha ya arusi ya watu usiowajua. Kila mkirekodi, mmoja ataje kwa sauti mwanzoni: tarehe, mahali, na jina kamili la kila aliyemo, kuanzia wa chini. Hifadhini mahali pawili, maana simu huibiwa na simu huanguka majini, hasa hapo mnapofanyia mazoezi. Mkialikwa kwenye hoteli au shughuli, dai karatasi yenye majina yenu na malipo, hata kama aliyewaalika ni rafiki. Kazi mnazozirekodi waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, jinsi ya kuzisajili. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua pia mtu anayeonyesha, si mtunzi peke yake.

Na mtu wenu wa chini mpeni siku ya kupumzika kabla hajaiomba. Hataiomba.

SWALI: Bi mdogo, hujambo? Mwezi uliopita uliandika kwamba kichekesho kiliingia kabla ya sarakasi. Siyo kweli. Kiliingia baada, na sababu ilikuwa jukwaa. Sarakasi ikiisha mbao zimelowa jasho, igizo haliwezi kuanza watu wateleze. Basi mchekeshaji anaingia na ndoo na tambara, anapiga deki huku anaongea, watu wanacheka wakidhani ndoo ni sehemu ya mchezo. Najua kwa sababu ndoo ile ilikuwa yangu, pale Amana, kabla sijampisha jamaa mmoja wa sarakasi aliyeumia kiuno.
Mzee wa Temeke Mikoroshini

JIBU: Shikamoo kaka. Sijambo, na umenisahihisha vizuri. Nilipojibu barua ya Mbagala hapo juu mkono wangu wenyewe umeandika kwamba mchekeshaji anaingia baada ya sarakasi, ina maana mwili ulikumbuka, mimi nilisahau. Na ile harufu ya tambara bichi kwenye mbao, umenirudishia leo.

Sasa nisikilize. Huyo uliyempisha ndoo, alikuwa mtu wa chini? Kizuiani kuna mzee wa miaka 73 aliyebeba piramidi, kisha akawa anachekesha katikati ya onyesho. Mjukuu wake anatafuta mashahidi wawili. Huenda si yeye, watu wa namna hiyo walikuwa kila kikundi. Lakini hata kama si yeye, wewe unaujua mpangilio, unaijua ndoo, na anayeijua ndoo alikuwepo. Nimeomba ofisi ya gazeti iwaunganishe wewe na huyo mjukuu kwa simu, bila kuziandika namba zenu humu.

Jumamosi ijayo saa 4 asubuhi nitakuwa Kizuiani na daftari langu. Mguu ukiwa bado umevimba nitakuja na bajaji. Njoo na wewe, na kama ndoo bado unayo, ije.